Njia za Panya Chini ya Central Park

Kuna ramani ya mwaka 1856 ambayo nimeifungua kwa simu yangu mara nyingi kuliko ukurasa wa msanii yeyote ninayemfuata. Aliyeichora ni mhandisi Egbert Viele. Jiji la New York lilikuwa limeamua kutengeneza bustani kubwa katikati ya kisiwa cha Manhattan, na kabla ya kuanza lilitaka kujua pale pana nini. Viele na watu wake wakapita na vifaa vyao, wakaandika miamba, vijito, vinamasi, nyua, nyumba. Ukiivuta karibu upande wa magharibi, kati ya mtaa wa 82 na wa 89, utaona visanduku vidogo vilivyokaribiana. Hizo ni nyumba za watu. Kuna makanisa pia. Kufikia mwisho wa mwaka uliofuata, wenyewe hawakuwa pale tena.

Bustani iliyokuja juu yao ni Central Park. Tunaijua sote, hata sisi ambao hatujawahi kupanda ndege. Kila filamu ya mapenzi ya Marekani lazima wapenzi wapite pale wakibishana chini ya miti, halafu theluji ianguke. Mimi nataka kuongea juu ya kitu ambacho waigizaji hukikanyaga bila kukitazama: njia zenyewe. Ni takriban maili 58 za vijia vya kutembelea kwa miguu, na karibu hakuna kipande kilichojitokea chenyewe. Kila kona ilichorwa na mtu. Nyingi zikaharibika, zikapotea, zikatafutwa, zikapimwa upya na kurudishwa. Kazi hiyo ya kutafuta njia za zamani na kuzirudisha ndiyo ninayotaka kuihakiki hapa, kwa sababu naona ni kazi ya mhariri, na wahariri tunajua vile huwa wanafanya.

Sijawahi kufika New York. Visa ni stori ingine. Lakini nilisomea upimaji wa ardhi miaka miwili na nusu kabla karo ikatae, na kama kuna kitu nilitoka nacho chuoni, mbali na madeni, ni mazoea ya kusoma ramani kama maandishi. Ina mwandishi, ina mtu aliyeilipia, na kuna mambo imeamua kunyamazia. Kwa hivyo nimesoma. Michoro ya asili imehifadhiwa kwenye kumbukumbu za jiji, na mingi unaweza kuiona hata ukiwa ndani ya matatu, bora uwe na bando.

Nianze na sifa, kwa sababu zinastahili. Mwaka 1858 Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walishinda shindano la kubuni bustani hiyo. Kulikuwa na michoro 33 na wao walikuwa namba 33, wale watu wa dakika ya mwisho. Mpango wao waliuita Greensward. Masharti ya shindano yalitaka barabara nne za kukatiza bustani kutoka mashariki hadi magharibi, na washindani wengi walizipitisha tu juu ya ardhi kama barabara nyingine. Olmsted na Vaux wakazizamisha. Mkokoteni wa makaa unapita chini kwenye mtaro wa mawe na wewe uko juu kwa nyasi, humwoni hata punda. Halafu wakatenganisha waendao kwa miguu, wapanda farasi, na magari ya kukokotwa na farasi, kila mmoja na njia yake, na pale njia zinapokutana moja inapita chini ya tao la mawe ama chini ya daraja. Mtu wa miguu angeweza kutembea mbali sana bila kusimama kumpisha tajiri. Kwa mtu wa Nairobi, ambaye kuvuka barabara ni kuomba dua na kukimbia, hiyo peke yake ni sababu ya kuwaheshimu.

Kisha kuna mpindo. Njia ya Greensward haikuonyeshi inakoenda. Inajikunja nyuma ya mwamba, inashuka kidogo, inakufichia ziwa, halafu inakuachilia uone maji yote mara moja. Sehemu inayoitwa Ramble, kichaka cha takriban ekari 36, imejaa vijia vya namna hiyo mpaka watu hupotea katikati ya jiji kubwa. Ni mbinu ya msimulizi hodari: anakunyima habari hadi mguu wako uko tayari. Nimesoma riwaya kadhaa za mwaka huu ambazo zingefaidika na mpindo mmoja tu wa Ramble.

Lakini angalia vile waliuza wazo lao. Pamoja na mchoro mkuu, ambao ulikuwa na urefu wa zaidi ya mita tatu, waliambatisha karatasi za kulinganisha: juu picha ya eneo lilivyo, chini mchoro wa litakavyokuwa. Picha za juu huhusishwa na Mathew Brady, mpiga picha aliyekuja kuwa maarufu kwa picha za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Juu ni mawe matupu, vichaka vilivyokonda, ukiwa. Chini ni maji na miti iliyojaa. Unajua hiyo lugha. Ni yale mabango ya Kilimani na Kileleshwa yenye ghorofa la kompyuta, bwawa la kuogelea, na mzungu anayekimbia na mbwa. Kazi ya picha ya juu ni kukwambia kwamba pale hapakuwa na kitu. Na waliochora hawakudanganya, maana kufikia 1858 watu walikuwa wameshafurushwa na kamera ilikuta mawe kweli.

Sasa turuke hadi miaka ya 1970. New York iko karibu kufilisika, bustani imechoka. Nyasi zimekuwa vumbi, matao yamejaa michoro ya rangi ya kupulizia, benchi zimevunjika, mifereji imeziba. Mwaka 1980 likaundwa shirika la Central Park Conservancy la kusaidiana na jiji, likiongozwa na Elizabeth Barlow Rogers. Kabla ya kurekebisha walipima: udongo, maji, miti, majengo, na vile watu wanavyotembea. Matokeo yakawa mpango mzima wa ukarabati uliochapishwa mwaka 1985. Hapa ndipo habari ya njia inaponoga, kwa hivyo vumilia nikueleze njia iliyokufa hutafutwaje.

Kwanza unasoma makaratasi. Kuna mchoro wa shindano, kuna michoro ya ujenzi, na kuna ramani za miaka ya 1870 zinazoonyesha kilichojengwa kikweli, ambacho huwa tofauti na kilichochorwa. Msanifu anataka kona hapa, fundi anakuta mwamba, kona inahama. Kwa hivyo karatasi mbili za mahali pamoja zinaweza kupingana, na mtu lazima aamue aamini ipi. Baadaye unatoka nje. Njia ya zamani huacha mwili wake: chini kuna tabaka la mawe, juu changarawe, pembeni mifereji. Bustani hii ilizikwa mabomba ya udongo ya kutoa maji, kazi iliyosimamiwa na mhandisi George Waring, na maji huwa hayasahau pahali yalifundishwa kupita. Unatafuta mbonyeo mrefu kwenye nyasi, hasa asubuhi jua likiwa chini na kivuli kikiwa kirefu. Unatafuta miti mikongwe iliyojipanga kana kwamba inasindikiza mtu, na mtu mwenyewe haonekani. Ukiwa na pesa unaleta rada ya kupenya ardhini, ama mtambo wa leza unaopimia kutoka angani na kuona umbo la ardhi chini ya majani. Mwishoni unachimba mtaro mwembamba kukatiza njia, unaikata kama mkate na kuhesabu matabaka.

Saa zingine hali ya hewa hukufanyia kazi bure. Kule Uingereza, kwenye jumba la Chatsworth, joto kali la mwaka 2018 lilikausha nyasi mpaka bustani rasmi ya mwaka 1699, iliyozikwa chini yake tangu karne ya 18, ikajichora juu kwa mistari ya kahawia. Nyasi zilizo juu ya changarawe ya zamani hukauka haraka kuliko zile zenye udongo wa kina. Kila kijia kikaonekana. Miaka karibu mia tatu, na ardhi bado ilikuwa na nakala.

Nashikilia jambo hilo kwa sababu linanyima watu kisingizio. Kusema kwamba njia fulani imepotea kabisa ni kusema hakuna aliyelipa ili itafutwe.

Baada ya kuipata unakuja uamuzi mgumu, ule wa tarehe. Njia haina umbo moja. Ilipindwa 1859, ikapanuliwa baadaye, ikapigwa lami wakati wa Robert Moses, yule mkuu wa bustani za jiji aliyeshika kazi mwaka 1934 na kujaza viwanja vya kuchezea watoto pembezoni. Unairudisha ya lini? Miongozo ya serikali ya Marekani kuhusu maeneo ya urithi inalieleza neno urejeshaji waziwazi: ni kuonyesha mahali palivyokuwa katika kipindi kimoja kilichochaguliwa, na kuondoa vitu vya vipindi vingine. Soma sehemu ya mwisho tena. Kuondoa. Mhariri anachagua chapa moja ya kitabu na kutupa zingine, kisha jalada linaandikwa "toleo halisi".

Waliotupwa kwanza ni watu wa njia za panya. Unazijua. Hapa kwetu, pahali popote penye kibao cha "usikanyage nyasi" pana kijia chekundu cha udongo kando yake, kimenyooka kuelekea stegi. Hakuna aliyekichora. Kimeandikwa na viatu vya watu elfu waliochelewa kazini, na kwangu mimi ni maoni ya umma kuliko karatasi yoyote ya maoni. Nairobi pia tuna Central Park yetu, pale kando ya Uhuru Park, na zote mbili zilipofungwa mwaka 2021 kwa ukarabati, wengi wetu tuligundua ni safari ngapi za miguu zilikuwa zinategemea kukatiza pale. Mtu akinyimwa njia yake ndio anajua ilikuwa njia.

Ramble ilikuwa imejaa vijia vya aina hiyo. Watazama ndege walikuwa na vyao, maana eneo hilo ni kituo cha ndege wanaohama. Wanaume wanaopenda wanaume walikuwa na vyao, tangu mapema karne ya 20, kwa sababu jiji halikuwapa pahali pengine. Kwa mpimaji aliyeshika mchoro wa 1858, vyote hivyo vinasomeka kama mmomonyoko. Na ni mmomonyoko kweli, nisiwe mjinga: miteremko ilikuwa inaoza, mizizi iko nje, udongo unaishia ziwani kila mvua. Mwanzoni mwa miaka ya 80, miti ilipokatwa ili kurudisha mandhari ya zamani, watazama ndege walikasirika mbaya. Walichokuwa wanatetea hakikuwa kwenye mchoro wowote. Kilikuwa kichaka kilichojiotea wakati jiji limekisahau, na ndege wakakipenda hivyo hivyo. Nikisoma ule ugomvi najikuta upande wao kwa moyo na upande wa wapimaji kwa akili. Mteremko ukiporomoka hakuna atakayetazama chochote.

Kwa hivyo sisemi kila kijia cha viatu ni kitakatifu. Kinachonisumbua ni kwamba mhariri huyu alipotaka kuhifadhi tabaka mbili, aliweza. Vile viwanja vya watoto vya enzi za Moses havimo kwenye Greensward hata kidogo. Vingevunjwa vyote kama sheria ni usafi wa tarehe. Vipo hadi leo, vinakarabatiwa, watoto wanateleza. Kumbe tarehe hulegezwa wenye sauti wakiwa wengi. Turudi basi kwa wale wa visanduku vya Viele.

Pahali pale paliitwa Seneca Village. Mwaka 1825 kijana Mweusi aitwaye Andrew Williams, wa miaka 25, kazi yake kupiga watu viatu rangi, alinunua ploti tatu kwa dola 125. Epiphany Davis, aliyefanya kazi dukani, akanunua 12 kwa dola 578. Kanisa la AME Zion likachukua zingine. Utumwa jimboni New York ulikuwa bado haujakomeshwa rasmi. Ulikoma miaka miwili baadaye. Na tangu 1821 sheria ya jimbo ilimtaka mwanamume Mweusi, yeye peke yake, awe na mali ya dola 250 ndio apige kura. Kwa hivyo ploti pale ilikuwa pia kadi ya kura. Kufikia 1855 kulikuwa na takriban watu 225, thuluthi mbili Weusi, waliobaki wengi wao Waayalandi waliokimbia njaa, na Wajerumani wachache. Makanisa matatu, shule, makaburi. Takriban nusu ya wakazi Weusi walikuwa na nyumba zao wenyewe, kitu ambacho hata mimi na marafiki zangu, miaka 170 baadaye, tunakiota tu.

Magazeti ya jiji yaliwaita wavamizi waliokaa kwenye vibanda, na mengine yakatumia matusi ambayo siyaandiki hapa. Watu wenye hati! Mwaka 1853 jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya kutwaa ardhi kwa lazima, na katika eneo zima la bustani watu wapatao 1,600 wakaondolewa. Williams alitaka dola 3,500 kwa nyumba na ploti zake tatu. Akapewa 2,335. Mwaka 1857 kijiji kikaisha, na hakuna ushahidi kwamba jamii ile ilikutana tena pahali pengine kama jamii. Ukiuliza njia zilizokuwa zinatoka nyumba ya Williams hadi kanisani, jibu la bustani iliyorejeshwa ni nyasi. Na moja kati ya zile barabara nne zilizozamishwa kwa ustadi, ile inayotokea mtaa wa 86, imechimbwa kukatiza palepale kijijini. Ubunifu ule niliousifu juu huko ulipitia hapo.

Olmsted mwenyewe ananichanganya. Hakuwahi kumaliza chuo. Macho yalimharibikia baada ya kuguswa na mmea wenye sumu, Yale ikamponyoka. Nilipolisoma hilo nilifurahi isivyofaa. Mwaka 1850 alitembelea Birkenhead Park, karibu na Liverpool, bustani iliyojengwa kwa ajili ya watu wote, na akarudi nyumbani akiwa ameshikwa na hilo wazo. Kati ya 1852 na 1854 alizunguka majimbo ya Kusini akiliandikia gazeti la New York habari za utumwa, na maandishi yale bado yanasomwa kama ushahidi dhidi yake. Alijua kutazama. Septemba 1857 akaajiriwa kusimamia vibarua waliokuwa wanasafisha eneo la bustani. Yaani alifika kijiji kikiwa kinamalizikia. Mtu aliyeweza kuhesabu mateso ya shamba la pamba kule Kusini akapita kwenye mawe ya nyumba za Wamarekani Weusi waliokuwa huru, wenye hati, na katika mpango wake hakuna hata kona moja inayopinda kwa sababu yao. Simwiti mnafiki. Kijiji hakukifurusha yeye. Lakini ninapoambiwa kwamba kurejesha njia zake ni kurejesha demokrasia yake, nauliza demokrasia hiyo ilianza kuhesabu viatu vya nani, na kuanzia mwezi gani.

Seneca Village ilisahauliwa kwa zaidi ya karne. Roy Rosenzweig na Elizabeth Blackmar wakaiandika katika historia yao ya bustani hiyo mwaka 1992, halafu maonyesho ya makumbusho mwaka 1997, halafu watafiti Diana Wall, Nan Rothschild na Cynthia Copeland wakaanza kuisaka ardhini. Na walitumia nini? Ramani ya Viele, kumbukumbu za sensa, rada ya kupenya ardhini. Vifaa vilevile vya mtu anayetafuta kijia cha Vaux. Mwaka 2011 wakachimba. Wakapata msingi wa nyumba ya William Godfrey Wilson, aliyekuwa mhudumu wa kanisa la All Angels', na ndani yake birika la chuma la chai, sufuria ya kuokea, kiatu cha mtoto. Na kando ya hapo, kwenye nyua za majirani wawili, wakapata kitu kilichonifanya niweke simu chini: uso wa ardhi wa zamani, ukiwa umezikwa mzima. Yaani udongo uleule waliokanyaga, chini kidogo ya nyasi za watalii. Kisha wakafukia, kama inavyotakiwa.

Mwaka 2019 Conservancy ikasimamisha mabango ya maelezo katika eneo hilo: hapa palikuwa na kanisa, hapa bustani za mboga, hapa nyumba. Mabango mazuri, yamefanyiwa utafiti, na yalikuja na ramani. Nayasifu bila kubana. Lakini bango ni tanbihi. Tanbihi husomwa na anayesimama, na bustani yote imeundwa ili usisimame, ufuate mpindo uone kilicho mbele. Bango linakwambia kanisa lilikuwa hapa, na njia inakupeleka kwingine. Hilo ndilo lalamiko langu lote, na ni la kihakiki: umbo la kazi linapingana na maelezo yake, na msomaji akichanganywa hivyo hulifuata umbo.

Kwani ingegharimu nini? Sitaki kijiji cha bandia chenye waigizaji wa kofia ndefu. Tayari wenzao wanaotunza bustani za kale hutumia mbinu ya bei rahisi: unaacha nyasi zikue na kukata mstari mmoja mfupi kufuata njia ya zamani. Mashine ya kukata nyasi na mtu mmoja mwenye ramani. Hakuna lami, hakuna kuchimba, na mwaka ujao ukibadilisha mawazo unaacha zikue. Mstari kama huo kutoka msingi wa Wilson hadi lilipokuwa kanisa ungekuwa mfupi mno, na ungekuwa njia ya kwanza ndani ya Central Park isiyomwuliza Olmsted ruhusa. Najua watakachosema. Watasema utaharibu mandhari ya 1858. Ndio. Kama vile viwanja vya watoto.

Kuna mtu atasema pia kwamba hakuna anayejua kwa uhakika kila kijia kilipita wapi. Sawa. Lakini hata kwenye Greensward karatasi zinapingana, na pale mhariri anaamua na kuendelea na kazi. Shaka haiwezi kuwa kizuizi kwa Williams na ruhusa kwa Vaux.

Nimalizie na ramani nyingine. Katika kitabu chake kuhusu Moses, The Power Broker cha 1974, Robert Caro anasimulia kisa cha mwaka 1956. Wapimaji walikuwa wanafanya kazi karibu na hoteli ya Tavern on the Green, mtaa wa 67, mitaa kama 15 tu kusini mwa iliyokuwa Seneca Village. Wakaenda lanchi, wakaacha karatasi. Mama mmoja aliyekuwa pale na mtoto akaichungulia, akaona inasema maegesho ya magari. Kina mama wa mtaa ule, wengi wao Wazungu wenye maisha mazuri na wanaojua wahariri wa magazeti, wakasimama na vigari vya watoto mbele ya tingatinga. Moses akavuta mashine usiku, magazeti yakamchoma, kesi ikaenda mahakamani, akarudi nyuma. Pakajengwa uwanja wa watoto badala ya maegesho. Walisoma ramani kabla ya kazi kuisha. Watu wa Seneca Village nao walipeleka pingamizi zao, tena kwa maandishi, ila kwao Viele alikuwa ameshamaliza kupima.

Ukibahatika kufika huko kabla yangu, kuna kitu cha kutumia. Nguzo za taa za Central Park zina namba. Tarakimu mbili za kwanza hukwambia uko karibu na mtaa gani, na namba ya mwisho ikiwa haigawanyiki kwa mbili, uko upande wa magharibi. Watu huzitumia wakipotea. Tafuta zinazoanza na 82 hadi 89, upande huo. Ukizipata, toka kwenye njia.